Usije Unguja, Mwanahamisi

Mji Mkongwe, Unguja
Jumatatu, baada ya alasiri

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Assalamu alaykum. Namwomba Mungu barua hii ikukute wewe na wote waliomo nyumbani mkiwa na afya, na kifua kile kilichokusumbua wakati wa masika kiwe kimepoa. Mimi mwili wangu haujambo. Macho yanazidi kupungua nguvu, lakini bado ninasoma bila ya kuazima miwani ya mtu. Zaidi ya hapo sina la kulalamikia juu ya nafsi yangu.

Nimepata habari kwamba umekwisha kufunga mizigo na kwamba unangoja meli tu. Kwa hiyo ninaanza na lile ambalo kwa kawaida ningelieleza mwisho: usije. Usipande meli, usimtume mtu badala yako, wala usimwambie yeyote kwamba mimi ndiye niliyekuzuia. Isome barua hii mpaka mwisho kwanza, kisha utalia ukitaka kulia. Haikupita posta, kwa kuwa barua za posta siku hizi hufika zikiwa zimetiwa gundi mara mbili. Anayeileta ni mke wa fundi cherehani wetu, aliyepewa ruhusa ya kuja huko Tanga kumtazama binti yake aliyejifungua. Mpe chai, mshukuru, usimuulize kitu. Hajui kilichomo.

Unajua kwamba mwanao Hamadi alirudi hapa na uwakili wake akidhani atatafuta riziki kama wengine, kwa kesi za mirathi na mipaka ya mashamba. Mambo yaligeuka. Tangu zilipowekwa mahakama mpya, wakili haruhusiwi kusimama ndani yake. Mtu analetwa, anasomewa kosa lake, anaulizwa kama ana neno, na hana wa kumsemea. Mawakili wenzake walielewa upesi. Mmoja alihamia Mombasa. Mwingine amefungua duka la vitambaa, na ukimwita wakili hageuki. Mwanao hakuelewa, au alielewa akakataa. Wanawake ambao waume wao wamechukuliwa walikuwa wakimjia ofisini, naye akitoka nao mlango kwa mlango kuuliza: huyu yuko wapi, ameshitakiwa kwa kosa gani, nani amemsikiliza? Akanyang'anywa leseni. Mwenye nyumba akaitaka ofisi yake. Hamadi akahamia barazani kwangu, akawa anawapokea hapo hapo, mbele ya wapita njia wote.

Nilimwita ndani nikamwambia, "Hamadi, pale nje kila mwenye masikio anakusikia."

"Ndivyo nnavyotaka, Kaka," akanijibu. "Nikiwasikiliza ndani watasema nnapanga njama."

Wale tuliozoea kunywa nao kahawa barazani kila jioni, miaka na miaka, walianza kupungua. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine ana wageni. Aliyebaki ni Makame peke yake, jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuwa karani katika mahakama ya zamani, na sasa amepewa kazi ambayo jina lake halitaji, pamoja na baiskeli mpya. Nilimwona muungwana kwa kubaki. Sasa ninajiuliza alibaki kwa ajili ya nani.

Ijumaa moja Hamadi alitoka kwenda kuswali na hakurudi. Hakuna aliyemwona akikamatwa. Hapakusimama gari, hapakupigwa kelele, na katika vichochoro hivi hata paka akipigwa teke mtaa mzima unajua. Kesho yake asubuhi Makame alipiga hodi. "Pole, Mwalimu," akasema. "Mwanetu yuko mikononi mwa serikali, anaulizwa maswali tu. Mpelekee chakula, watampa." Akanielekeza kwenye nyumba moja nje ya mji, yenye lango la mabati na askari. Hayo ndiyo niliyokuandikia katika barua ile iliyokufanya ufunge mizigo. Niliandika niliyoambiwa. Leo ninaandika niliyoyaona.

Nilikuwa nikipeleka chakula kila siku adhuhuri. Anayekipika ni Bi. Tatu wa nyumba ya mbele, ambaye amenipikia tangu mke wangu alipofariki, Mungu amrehemu. Siku moja samaki walikosekana sokoni, naye akapika pweza wa nazi, kwa kuwa hajui habari ya mzio wa Hamadi. Wewe unaujua kuliko mimi: jinsi uso na shingo vilivyomvimba alipokuwa mdogo, na jinsi mama yetu alivyomkataza pweza tangu siku ile, hata upawa uliogusa mchuzi wa pweza haukutiwa katika chakula chake. Sikufunua bakuli mpaka nilipofika langoni na harufu ikaniambia. Nikaliacha hivyo hivyo, nikisema moyoni kwamba atakula wali mtupu.

Kesho yake askari alinirudishia bakuli likiwa jeupe.

"Mzee, kala yote, kalamba na vidole."

"Na mchuzi?"

"Na mchuzi. Kasema pweza huyo umletee tena."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mdomo wake. Au wadhani nimekula mimi?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akajishika ukutani.

Njiani nilijiambia kwamba askari yule ana njaa, na mwenye njaa husema uongo mdogo. Sikutaka kuamini jambo kubwa kwa sababu ya bakuli moja la pweza. Lakini tangu hapo nilianza kuwasikiliza watu kwa namna nyingine.

Jioni moja baada ya hapo Makame alikuja barazani, akaketi, akajimiminia kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Leo nshamwona mwanetu. Hajambo, kanenepa kidogo. Ila ana ombi."

"Ombi gani?"

"Kaniambia, 'Mwambie Mwalimu amwite mama yangu kutoka Tanga. Nikimwona mama yangu moyo utatulia, nitasema wanayoyataka, nitoke.'"

Niliweka kikombe chini. "Ndivyo alivyosema, Makame? Hebu nirudilie."

Akarudia, neno kwa neno, na mkono kifuani. "Wallahi, Mwalimu, maneno yake hayo. Machozi yanamtoka. 'Mama yangu, mama yangu,' hana jingine."

Mwanahamisi, lini Hamadi alikuita mama? Alilelewa na mama yetu tangu alipoacha ziwa, akamwita yeye Mama. Wewe alikuita Dada kama walivyokuita wadogo zetu, na mimi akaniita Kaka. Mbele ya watu huniita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyoniita, kwa hiyo Makame hajapata kusikia vingine. Lakini mtu anayelia hachagui maneno. Hamadi angelia, "Nataka kumwona Dada," na Makame angekuja kuniuliza kwa mshangao dada huyo ni nani.

Basi nimejua kwamba Makame hakuzungumza naye. Wala siamini kwamba yuko mtu katika nyumba ile aliyezungumza naye. Yamebaki mambo mawili: ama Hamadi amekufa, ama hawanaye. Nimeyapima yote mawili, na sitakuficha kwamba la kwanza limeninyima usingizi. Lakini aliyekufa haitiwi mama yake kwa haraka namna hii. Anayeitiwa mama ni mtu aliyejificha, ambaye akisikia kwamba mama yake ameshuka bandarini Malindi na anazungushwa mjini akilia, atatoka mwenyewe. Wale wanawake aliotembea nao wana jamaa zao mashamba na visiwani, na wengi wao wamejifunza kunyamaza. Sitaandika ninakodhani yuko. Wewe nawe usidhani kwa sauti.

Sikumwonyesha Makame chochote. Nilimjibu kwamba ningekuita mara moja, isipokuwa mguu wa kushoto umekuvimba na daktari amekukataza safari. Chakula ninaendelea kukipeleka, kwa sababu nikiacha watajua kwamba nimejua. Bi. Tatu amezidisha nazi, na askari wale wananawiri kwa gharama yangu. Siwaonei kinyongo. Wakishiba hawaniangalii sana usoni.

Makame hapiti bila ya kuuliza: "Mwalimu, mguu wa dada yako vipi? Anafika lini?" Swali hilo lilikuwa likinikera hata nikataka kuacha kukaa barazani. Kisha siku moja, nikiwa ninatia udhu, nilifahamu maana yake. Maadamu wanakungoja wewe, hawajampata yeye. Siku atakayopita bila ya kuniuliza ndiyo siku nitakayoiogopa. Leo, muda mfupi kabla ya kushika kalamu hii, ameshuka kwenye baiskeli yake akaniuliza tena, na safari hii kwa hasira: "Mguu gani huo usiopona, Mwalimu? Mwambie aje hata kwa kubebwa!" Nilimjibu kwamba nitakuandikia. Nilipofunga mlango nilisujudu palepale ukumbini.

Sasa sikiliza. Ukipata barua nyingine yenye mwandiko wangu ikikuita, usije vilevile. Mkono wa mtu unaweza kulazimishwa. Akija mtu na habari kwamba Hamadi amefariki, usiweke matanga kwa neno la asiyeliona kaburi. Akija mtu kwa upole, akajitambulisha kuwa ni rafiki wa Hamadi na akakuuliza kama umepata salamu zake, mwambie kwamba mwana amekutupa, na umlaumu kwa sauti mpaka majirani wasikie. Najua ni neno zito kulisema. Liseme.

Barua hii itie motoni papo hapo.

Nisalimie shemeji yangu, na umwombe asiulize habari za Unguja bandarini, hata kwa wale anaokula nao sahani moja. Mpe salamu shangazi yetu; yeye mwambie kwamba mjukuu ana kazi nyingi, kwa sababu hawezi kuficha kitu usoni. Mwalimu wa chuo cha Kurani amsomee Hamadi dua bila ya kumtaja jina, Mungu anamjua. Watoto wa mdogo wetu wa mwisho uwabusu wote, na yule mkubwa aache kuandika kwa mkono mzembe, nimeiona bahasha yake.

Limebaki moja. Tanga nako kuna macho, na Makame hatasadiki mguu ambao hakuna aliyeuona. Kwa hiyo kuanzia leo, ukitoka kwenda sokoni, kisimani au kwenye msiba wa watu, jifunge kitambaa mguu wa kushoto, usije ukasahau ukabadilisha, na uchechemee. Wakikupa pole, itikia. Wakikupa dawa, pokea. Najua umezoea kutembea haraka tangu utoto wako na kwamba watu watakucheka. Chechemea, Mwanahamisi, mpaka nitakapokuambia utembee.

Ni mimi kaka yako,
Athumani