Nilikataa Kuuita Utani

Buhare, Musoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Songea, na mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, nakula samaki mpaka nimewachoka, ila moyo umekuwa juu juu majuma haya mawili. Kwenye simu uliniambia, "Nyamaza mwanangu, usije ukafukuzwa kazi." Sikunyamaza. Nakuandikia uelewe kwa nini, maana kwenye simu unawahi kulia.

Unajua hapa kiwandani nakagua minofu ya sangara. Trei ikiwa na miiba, nairudisha. Asubuhi moja nilimrudishia mkataji anayeitwa Masatu mara mbili. Akaninyooshea kisu: "Wewe, ipo siku nitakupasua kama sangara." Meza nzima ikacheka, kwa sababu tangu nifike wamenifanya mtani wao, na mtani huambiwa lolote, hata msibani. Nami nikacheka, mjinga mimi! Kesho yake akarudia bila kucheka, akataja na njia ninayopita kurudi nyumbani.

Nikaenda kwa msimamizi. "Si utani huo? Hapa tulikuwaga tunasemana hivyo tangu zamani." Akanipa karatasi nisaini kwamba tumesameheana, halafu nihamie chumba cha barafu ili tusionane. Mama, nilipandwa na hasira! Mimi niliyetishiwa ndiye nihamishwe?

Nikamfuata mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, mama mmoja wa Bunda asiye na mzaha. "Usisaini," akasema. "Mwajiri ana wajibu wa kukulinda ukiwa kazini, na haruhusiwi kukuadhibu kwa kulalamika. Andika alisema nini, siku gani, nani alisikia. Na polisi uripoti." Nikaandika kurasa mbili. Polisi wakanipa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu.

Shida ikawa mashahidi. Kila aliyeitwa kwenye kikao alichoitisha meneja wa kiwanda kuhusu malalamiko yangu alisema ulikuwa utani. Hata Nyamburi, rafiki yangu tunayekula naye ugali sahani moja, alianza hivyo hivyo. Meneja akamuuliza, "Wewe ulicheka?" Akajibu, "Nilicheka." Kisha machozi yakamtoka. "Nilicheka kwa sababu niliogopa. Na mimi alikuwaga ananiambia hivyo."

Masatu amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Naye atasikilizwa, ni haki yake. Mimi nimebaki kwenye meza yangu. Bado nageuka nyuma nikitembea, sikufichi.

Nisalimie Kaka Fidelis, mlinzi wa shamba letu, na Shangazi Rozina anayekukanda mgongo. Mwambie kitenge chake nimekipata.

Kuna jambo linanisumbua tangu kikao kile. Marehemu Baba alipokuwa akisema mbele ya wageni kwamba atakuvunja shingo, ulikuwa ukicheka, na sisi watoto tukacheka nawe. Nisamehe kwa kuuliza, na usipotaka usijibu. Mama, ulikuwa unaogopa?

Mwanao akupendaye,
Tumaini