Bei Njoo Inboksi

Mandewa, 3 Juni 2024

Mwanangu Rebeka,

Habari za Mgori? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo limezoea kunisumbua nami nimezoea kulilalamikia. Kaka yangu Isaka ameniambia kuwa mwaka huu amekuachia asali yake yote uiuze mtandaoni, badala ya kumpa yule dalali anayekuja na lori na bei yake mfukoni. Nimefurahi sana. Miaka yote niliyofundisha biashara sekondari, sikufanikiwa kumshawishi baba yako.

Basi nikafungua ukurasa wako. Umeandika: "Asali tamu, bei njoo inboksi." Kwa nini, mwanangu? Mtu yuko Dodoma, ameiona, mate yamemjaa mdomoni. Badala ya kumtajia bei, unamwambia abishe hodi. Wengi hawabishi, wanapita. Andika bei, andika mlipo, andika mzigo unasafirishwa vipi. Na hiyo picha ya asali ya njano kama soda, pembeni ina ua ambalo Mgori halijawahi kuota, umeitoa wapi?

Shangazi yako,
Scholastika

Mgori, 9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi tuko salama, ila mtandao ni wa kuvizia. Hapa nimesimama juu ya kichuguu.

Bei haandiki mtu, shangazi. Nikiandika, kesho Frank wa hapa jirani anashusha yake. Picha nimeitoa mtandaoni. Yetu ni nyeusi, ukiipiga picha inafanana na oili chafu. Nani atanunua? Tayari nina wafuasi elfu mbili! Baba anasema isipotoka hadi Nane Nane, anampigia dalali, na mwakani nisimwambie tena habari za simu. Kwa hiyo niachie kidogo.

Binti yako,
Rebeka

Mandewa, 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, mimi ndiye mwenye jambo.

Wafuasi si wateja. Hao elfu mbili ni kama watu waliokuja kutazama harusi: wanapiga vigelegele, hawachangii. Mteja ni yule anayeuliza. Wiki iliyopita Urbano fulani aliuliza, "Mko wapi?" Ukamjibu kwa vikopakopa vitatu. Je, kopa ni kijiji? Siku nne nimengoja umjibu. Mwisho nimemjibu mimi, palepale chini ya picha: "Tuko Mgori, Singida. Asali yetu halisi ni nyeusi na ina harufu ya moshi kidogo. Hiyo ya kwenye picha si yetu."

Shangazi yako

Mgori, 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Umenisahihisha mbele ya watu kama daftari la darasa la tatu. Wameanza kunitania: "Mwalimu wako yupo leo?" Mmoja kaandika, "Tapeli kaumbuliwa na ukoo." Nimekufungia kwenye ukurasa, na maneno yako nimeyafuta. Si kwamba sikuheshimu. Nimechoka.

Rebeka

Mandewa, 20 Julai

Mwanangu,

Mwezi mzima umekaa kimya. Hamjambo huko?

Theresia, mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Dodoma, amenipigia akifoka kuwa katapeliwa asali mtandaoni. Amenunua ndoo kwako bila kujua u mtoto wa kaka yangu. Anasema aliona ya njano, akaletewa iliyoungua. Nikamwambia, "Ionje basi." Akasema haonji kitu ambacho hakukiagiza, akairudisha kwa basi.

Nimejaribu kukasirika nikashindwa, nimebaki kuchoka tu. Asali nzuri imerudishwa kwa sababu ya picha ya asali ya mtu mwingine. Sina la kukufundisha zaidi.

Shangazi yako

Mgori, 3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kimya.

Ndoo ilipofika stendi, aliyeipokea ni baba. Aliifungua, akachovya kidole, akalamba. Akaniuliza, "Imerudi kwa kosa gani?" Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama mpaka kioo kikazima. Akasema, "Na hii ni asali ya nani?"

Alirudi kwenye mizinga bila kula.

Nimeifuta. Jana nimempiga picha yeye, akimimina asali yetu juu ya kiazi cha kuchemsha, mikono myeusi kwa moshi. Nimeandika bei. Nimeandika Mgori. Hadi sasa hakuna aliyeuliza, hata wale elfu mbili, na dalali anakuja Alhamisi. Nimekufungulia.

Binti yako,
Rebeka

Mandewa, 5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti liache, leo halina la kusema.

Nimeiona picha. Umeandika "hasali". Nimenyamaza.

Naitaka ile ndoo iliyorudi. Bei nimeiona, kwa hiyo sikuja inboksi; nimeagiza palepale chini, mbele ya watu wote, kama nilivyokusahihisha mbele yao. Lakini mnunuzi mmoja, tena shangazi, hamfukuzi dalali.

Asubuhi hii Theresia ameandika chini ya oda yangu: "Hii ndiyo ile niliyorudisha?" Tangu hapo wengine sita wameweka alama kwamba nao wanangoja jibu. Vidole vinaniwasha, Rebeka. Nimeiweka simu kabatini.

Panda kichuguu umjibu wewe.

Shangazi yako,
Scholastika