Nasikia

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu, na pole tena kwa msiba wetu. Natumaini wewe na huyo mgeni wako wa tumboni hamjambo. Huku tunasukuma siku. Mtoto ananyonya chupa vizuri. Akilia, jirani muuza mkaa husema huyu kazaliwa na kipaza sauti.

Wiki jana nesi mmoja alileta kiatu nimshonee. Aliponitambua akaanza kulia. Ndiye aliyesimama kichwani pa dada yako siku ya upasuaji. Alinieleza kwamba dada yako alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, atolewe mtoto akiwa macho. Daktari akamfinya tumboni, nesi akamwuliza kama anasikia. Akajibu kwa upole wake ule, "Nasikia." Nesi akadhani anaitikia tu sauti yake, akamwambia daktari yuko sawa. Kumbe alikuwa akisikia anavyofinywa.

Kisu kilipomgusa alipiga kelele, wakamlaza usingizi haraka. Mtoto akatoka salama, lakini damu haikukatika, na kila waliposhona, nyama ilichanika. Nililielewa hilo, shemeji. Ipo ngozi isiyoshika uzi hata ufanyeje.

Nikaenda kwa daktari mwenyewe. Hakunificha. Alisema wapo watu ambao nyuzi zinazoshikilia mwili ni legevu tangu kuzaliwa. Viungo vyao hupinda kupita kiasi, na ganzi huweza isiwashike. Akaniuliza kama marehemu alikuwa hivyo. Nilicheka huku machozi yananitoka. Si ndiye tuliyemwita Mpira, aliyelaza dole gumba mpaka likagusa mkono juu ya kifundo, watoto wacheke? Na alipong'olewa jino ganzi ikagoma, si tulimtania kuwa jino lake ni kichwa ngumu kama mwenyewe?

Akauliza pia kama ana ndugu wa damu. Hapo nilikukumbuka wewe, maana siku ya harusi yetu mlishindana na dada yako kupinda vidole, na wewe ndiye uliyeshinda.

Nenda kliniki mapema. Waonyeshe hilo dole gumba, waambie yote yaliyompata dada yako, wajipange. Na wakikufinya wakakuuliza kama unasikia, nakusihi, usijibu kwa upole. Sema, "Naumia." Sema mpaka chumba kizima kigeuke.

Mama mkwe msalimie, ila barua hii usimsomee. Mwanetu anamsubiri mama yake mdogo, mzima.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Viatu