Lyle Hostetter na Usukani Uliochakaa

Mwaka umezunguka, mpendwa wetu Lyle, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipotoka na kikombe cha kahawa kwenda gereji, na kikombe kikarudi bila wewe. Mahindi ya jirani yamevunwa tena. Ukungu unalala bondeni hadi jua likolee, kama ulivyoupenda, na mlango wa gereji bado unalia kila ukifunguliwa kwa sababu ulituapisha tusiutie mafuta. Ulisema unataka kusikia nani anaingia. Sasa sisi ndio tunaousikia, na kila ukilia tunainua vichwa.

Ulikuwa mtu wa watu. Aliyekwama barabarani ulisimama kumsaidia hata ukiwa na suti ya mazishini. Mchungaji ulimtengenezea breki bure kwa sharti moja, afupishe mahubiri. Breki zinashika mpaka leo, mahubiri ni marefu vilevile. Kwenye chakula cha kuchangia kikosi cha zimamoto, supu ya kuku na mahindi ilikuwa yako, na ole wake aliyejaribu kuionja kabla hujasema imeiva.

Lakini ukitajwa popote katika kaunti hii, mtu huona kwanza ile Buick ya mwaka 1970, ya rangi ya kahawia, uliyoinunua mpya mwaka ulipomwoa Verna. Injini yake ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha kuku. Ila ulikuwa umeagiza gia za otomatiki, na kiti cha mbele kirefu, kimoja, kutoka mlango hadi mlango. Wenzako wa klabu ya magari hawakukusamehe.

"Lyle, umenunua simba ukamvisha aproni," walikwambia. "Gari la mbio linataka gia za mkono na viti viwili vilivyotengana. Siku ukiuza, hiyo benchi itakula nusu ya thamani."

"Nani kakwambia nauza?" uliwajibu, ukaendelea kufuta kioo.

Kwako gari lilikuwa na siku moja tu ya kweli, siku lilipotoka langoni mwa kiwanda, na maisha yako yote ulikuwa unalirudisha kwenye siku hiyo. Bolti ilibidi iwe na alama yake kichwani. Mpira wa maji ulibanwa kwa kibanio cha aina ileile. Hata maandishi ya chaki aliyoyaacha mkaguzi wa kiwanda nyuma ya injini, yalipofifia uliyaandika upya kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa uliapa aliyeyaandika alikuwa wa mashoto. Namba za injini na za bodi zilioana, na binti yako Corinne alizijua kwa moyo kabla hajajua namba ya simu ya nyumbani.

Corinne ndiye aliyerithi wazimu wako. Alikulia chini ya lile gari akikupa spana, na leo anaishi kwa kufufua magari ya watu. Ulimfundisha kunusa. Mlipokwenda kwenye uwanja wa vipuri kule Carlisle, kila masika na kila vuli, ulikuwa ukiinua kitu puani na kumpa. "Sema." Naye alisema, "Feki, Baba," hali muuzaji anasikia, nasi tulitamani ardhi itumeze.

Kitu kimoja tu katika gari hilo hukukigusa. Usukani ulikuwa umelika upande wa kushoto, mistari yake imefutika, plastiki imekuwa laini na nyeusi. Kila mwaka kwenye mashindano jaji wenu, Bwana Stoudt, aliinama na tochi yake akatikisa kichwa.

"Kila kitu humu ni kama kimetoka kiwandani jana," alisema. "Huu usukani umechakaa, Lyle. Nitakukata pointi."

"Kata."

"Spea zipo! Unakosaje nafasi ya kwanza kwa kitu kidogo hivi?"

"Wewe kata tu, usinicheleweshe. Verna anataka chipsi."

Alikata. Ukatoka wa pili, kama mwaka uliotangulia, ukala chipsi zako za siki, ukarudi nyumbani na mkeo taratibu kupitia njia za mashambani. Corinne alikuwa akiwafuata nyuma na gari lake huku akiuma meno. Aliamini ni ukaidi, au pengine hukuwahi kuupata usukani wa kukuridhisha.

Tulipokuzika, Corinne hakulia mbele ya watu. Alifanya anachokijua. Majira yote ya baridi alisaka usukani mpya wa aina ile, hadi akaupata Ohio, katika stoo ya duka lililofungwa zamani: usukani wa kweli wa enzi zile, haujawahi kushikwa, boksi lake halijafunguliwa. Aliufunga Machi. Aprili akaubeba ule wa zamani Carlisle, na mtu mmoja akaununua kabla kahawa haijapoa. Julai, Buick yako ikapata pointi zote.

Aliingia jikoni na kombe mikononi. "Mama! Baba kashinda!"

Verna alijifuta mikono, akalipokea, akalitazama. "Vizuri, mwanangu," alisema, akaliweka juu ya friji.

Baada ya hapo hakulipanda gari tena. Wewe unajua Jumapili zenu za matembezi zilikuwaje. Hapakuwa na mvua wala wageni wa kuzizuia. Sasa Jumapili moja goti lilimuuma, ya pili pai ya molasi ilikuwa kwenye oveni, ya tatu upepo. Corinne alikuwa akiliwasha gari, analiacha lingurume kidogo uani, kisha analizima. Alianza kudhani mama yake anamlaumu kwa kutolia. Hilo lilimtafuna vibaya, Lyle, na hakumwambia mtu.

Mwishoni mwa kiangazi uvumilivu ulimwishia. Walikuwa wakimenya tufaa barazani.

"Mama, goti lako halina kitu. Nimekuona ukishuka ngazi na kapu zima."

"Macho unayo."

"Basi sema nimekukosea nini."

Verna alimenya tufaa lake mpaka mwisho. "Hujanikosea. Gari ni zuri. Zuri kama la mtu mwingine."

"La mtu mwingine vipi? Kila kitu kiko kama kilivyotoka kiwandani! Si ndivyo alivyotaka?"

"Lilipotoka kiwandani mimi sikuwamo, Corinne."

Verna akaweka kisu chini.

"Wewe mjuzi wa alama. Ule usukani ulikuwa umelika upande gani?"

"Kushoto tu. Kulia ulikuwa kama mpya. Nilidhani bega lake la kulia ni bovu."

"Bega!" Verna alicheka, kwa mara ya kwanza tangu masika. "Mimi nilikaa kulia kwake. Mkono wake wa kulia nilikuwa nao mimi."

"Njia nzima?"

"Miaka yote. Unadhani ile benchi aliiagiza kwa nini? Na gia za otomatiki? Mtu atabadilishaje gia huku kashika mkono wa mkewe? Nilikuwa nikikaa pale nikiangalia ule weusi kwenye usukani, najua nusu yake ni kazi yangu."

Corinne aliinuka akaenda kusimama nyuma ya gereji, na huko ndiko alikokulilia. Alilia sana, Lyle. Tulimsikia kutoka ndani, na tukaona heri tumwache.

Aliamua kuurudisha usukani ule, ila alimjua aliyeununua kwa sura tu. Bahati nzuri watu wa Carlisle hawahami; muuzaji hupanga vitu vyake kwenye kipande kilekile cha nyasi mpaka kife kipande au afe yeye, na yule bwana alikuwa ametaja kwamba yeye ni wa kule kwenye uzio. Soko la vuli lilipofunguliwa, Corinne aliung'oa usukani mpya akaurudisha kwenye boksi lake, na Verna akabeba pai akasema anakwenda naye.

Walifika ukungu haujanyanyuka. Ungeupenda uwanja siku hiyo. Milango isiyo na magari ilisimama imeegemeana, boneti zililala kwenye majani yenye umande, taa za mbele zilitazama juu zikiwa zimejaa maji. Sauti za watu zilikuja kabla ya watu wenyewe. Verna alitembea polepole akigusa kila usukani uliotundikwa, akiupitishia kiganja na kuuacha. Corinne anasema mara kadhaa aliona mgongo wa mtu mwenye mkokoteni safu mbili mbele yao, amevaa koti la bluu kama lako, na hakuharakisha kumfikia. Aliogopa angegeuka awe mtu mwingine.

Yule bwana alikuwepo, penye uzio, amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya Buick iliyopauka hadi huwezi kutaja rangi yake. Anaitwa Wendell Krick. Hajawahi kupaka gari rangi maishani, na anawatazama watu wa aina yako kama wanaowapaka wafu mapambo. Usukani wako ulikuwa umefungwa ndani ya gari lake.

"Siuuzi," alisema kabla Corinne hajamaliza salamu.

"Sikuombi uniuzie. Nimekuletea mpya tubadilishane. Orijino, tena na boksi lake. Unajua thamani yake."

"Najua. Inazidi ya huu mara nyingi." Hata boksi hakulitazama. "Sasa mimi mpya wa nini, dada? Gari langu lote limezeeka pamoja. Nikilitia huo litakuwa kama babu aliyevaa meno ya bandia."

"Lakini huu umechakaa!"

"Ndiyo. Na uchakavu haupo dukani. Watu wanajaribu kuuiga kwa msasa, wanajiaibisha. Huu umeshikwa na mtu mmoja, kwa utulivu, miaka mingi. Ndio maana nilicheka uliponiuzia. Nilisema, huyu binti hajui anachotoa."

Na kweli Corinne alikuwa hajui.

"Naweza kukaa ndani kidogo?" Verna aliuliza.

Bwana Krick alimfungulia mlango wa dereva. Verna akazunguka, akaingia upande wa pili. Gari la Krick lina viti viwili vilivyotengana, na katikati imesimama gia ya mkono. Verna aliutazama usukani bila kuugusa. Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe pale katikati, ukakuta chuma cha gia, ukarudi mapajani. Baada ya muda ukaenda tena. Haukupata pa kulala.

Krick aliutazama mkono ule. Akautazama usukani, upande uliolika na upande usiolika. Akavua kofia.

"Alikuwa mumeo?"

"Alikuwa."

"Aliendesha kwa mkono mmoja."

"Wa pili ulikuwa na kazi," alisema Verna.

Krick alitafuta spana na kifaa cha kung'olea usukani, akaufungua pale pale, akarudishia ule wake wa zamani wenye ufa. Boksi la Ohio alilikataa kabisa. Alisema wapewe wapenda makombe. Pai aliichukua.

Sasa usukani wako uko mahali pake, na Bwana Stoudt akiyasoma haya, ajue pointi zake atazikata na hakuna atakayebishana. Benchi nayo itaendelea kula thamani. Corinne ameyaacha maandishi ya chaki kama ulivyoyaandika, kwa mashoto yako ya kulazimisha, na akiulizwa kama ni ya kiwandani anasema ni ya baba yake.

Jumapili iliyopita Verna alitoka amevaa kitambaa chake cha kichwa na mkoba begani. Corinne alimfungulia mlango wa kulia. Mama akampita, akazunguka mbele ya gari, akaketi kwenye usukani. Alikuwa hajawahi kuliendesha gari hilo hata siku moja.

"Mama, utaweza?"

"Leseni ninayo. Ingia twende."

Aliweka mkono wa kushoto pale palipolika, na kiganja chake kikaenea sawasawa. Mkono wa kulia akaulaza juu ya benchi kando yake, kiganja juu, vidole wazi. Corinne alikuwa tayari ametia ndani mguu mmoja. Aliuona ule mkono. Akautoa mguu, akaufunga mlango polepole, akaenda kukaa nyuma.

Walikwenda kwa mwendo ambao ungekuaibisha mbele ya klabu, kupitia mashamba, hadi kilimani na kurudi. Hakuna aliyewasha redio.

Tunaokukumbuka ni mkeo Verna, binti yako Corinne, na dada yako Mabel, aliyeyaandika haya kwa niaba ya nyumba nzima. Jumapili hii tunatoka tena, Lyle, na upande wa kulia wa benchi hakuna atakayeukalia. Tupo nawe sasa na siku zetu zote.