Nilimwambia Aziongeze Ziwe Tatu

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna, upepo wa ziwani unapeperusha majivu ya jiko langu hadi kwa jirani. Supu imeisha mapema. Mwili umechoka ila moyo uko sawa, kwa hiyo naandika.

Mnaonisoma mnanijua. Mimi ni Mama Nyangeta wa Nyakato, hapa Musoma, nauza supu ya ng'ombe na chapati, na supu yangu haijawahi kulala. Darasa la saba nilimaliza. Binti yangu Nyangeta yuko Mwanza chuoni, mwaka wa pili, anasomea uhasibu. Blogu hii alinifungulia yeye. Najua kwamba mnajua, maana kila nikiandika lazima niliseme hilo. Leo nalisema kwa namna nyingine.

Huyu mtoto nilimkatazaga kushika mwiko. Akija kunisaidia kukoroga namfukuza: nenda kasome, mwiko ni wangu, kalamu ni yako. Nilitaka picha yake amevaa joho, niitundike ukutani pale wateja wanapokaa, mtu akinywa supu amtazame mwanangu. Baadaye ofisi, kiti kile cha kuzunguka. Hayo ndiyo yalikuwa mafanikio kwangu, sikuwa na mengine.

Chuo kilipokaribia kufunga aliniandikia ujumbe. Ninao mpaka sasa: "Mama shikamoo. Naomba usikasirike. Nina sup mbili. Nitakueleza nikija."

Watoto wa siku hizi wanakula herufi. "Poa" wanaandika "p", "sawa" wanaandika "sw". Nikajua hii nayo ni supu, kaila "u" ya mwisho. Mwanangu kaanzisha biashara ya supu huko chuoni, tena sehemu mbili! Ndiyo maana anaomba nisikasirike, si nilimkataza mwiko? Nikacheka peke yangu. Damu ni damu. Anasoma na anauza, kanizidi hata mimi.

Nikamjibu: "Sijakasirika hata kidogo. Hongera sana mwanangu. Ziongeze ziwe tatu!"

Hakujibu. Nikasema yuko bize na wateja.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Bunda, sendoff ya binti wa mdogo wangu. Ukumbi umejaa, mimi nimevaa kitenge kipya, na MC akakosea, akanipa maiki. Mama mkubwa wa bibi harusi, neno kidogo. Mimi na neno kidogo wapi na wapi! Nikamsifu bibi harusi kwanza, halafu nikaingia kwangu. Nikasema: "Nyangeta wangu yuko chuo, mwaka wa pili, uhasibu! Na juu ya hapo ana supu mbili!"

Meza ya vijana ikalipuka. Mmoja akapaza sauti, "Hongera mama! Supu za masomo gani?"

Nikamjibu kwenye maiki, "Za ng'ombe! Zote mbili!"

Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka nao. Nikajua nimewafurahisha.

Masatu, kaka wa bibi harusi, ndiye aliyekuja kunishika mkono. Akaniinamia sikioni, "Mama mkubwa, njoo ukae. Sup siyo supu. Ni mtihani wa kurudia. Nyangeta amefeli masomo mawili."

Nilikaa.

Pilau ililetwa ikaondolewa. Sikuwa nawaza wale waliocheka, Mungu shahidi. Nilikuwa nawaza jibu langu. Mtoto kaniambia amefeli masomo mawili, mimi mama yake namwambia hongera, fanya yawe matatu.

Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia mama yangu kule Butiama. Hata sijamaliza salamu akaniambia, "Mtoto wako yuko huku wiki nzima, anapalilia mihogo kama kalipwa. Nikimuuliza, anasema hana nyumbani. Umemfanya nini?"

Kumbe chuo kilishafungwa. Alitoka Mwanza, akashukia njiani, akakata kwenda Butiama kwa bibi yake. Musoma hakutaka kuiona.

Jumapili sikwenda kanisani, na jiko sikuwasha. Nilikwenda Butiama. Nilimkuta shambani kweli, amejifunga khanga ya bibi yake. Akaniamkia bila kuinua uso.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nyangeta, ile sup, mimi nilijua supu."

"Supu ipi?"

"Supu. Ya kunywa. Nilijua umefungua vibanda viwili."

Akainua uso. "Kwa hiyo uliposema niziongeze..."

"Vibanda, mwanangu. Vibanda!"

Akakaa chini palepale kwenye mihogo, akacheka mpaka jembe likamtoka mkononi. Halafu kicheko kikageuka, akalia. Mimi nikasimama tu, sijui nimshike au nimwache. Mama yangu alikuwa mlangoni anatuchungulia, akapiga kelele, "Nyie, hiyo mihogo mnaipalilia au mnaikanyaga?"

Akaniambia alijua namsimanga. Akaniambia pia kwamba hizo sup zinaanza Jumatatu ijayo na hana mpango wa kwenda. Ataacha chuo, aje tuuze supu wote, si ndicho nilichokuwa nashangilia?

Nikamuuliza kwa nini asiende, wakati mtihani ni uleule na vitabu anavyo.

Hapo ndipo aliposema maneno ambayo nimetembea nayo tangu siku ile. "Mama, nikipita Nyakato wananiita Mhasibu Mkuu. Muuza mkaa ananiuliza joho lini. Mtu nisiyemjua anajua alama zangu za kidato cha nne. Wenzangu wakifeli wanafeli wao. Mimi nikifeli, nafeli na mtaa mzima. Nataka na mimi nifeli kimya kimya kama watoto wa watu."

Ni nani aliyewaambia wote hao? Mimi! Mdomo huu wote.

Nimekuwa nikiwaza tangu Jumapili, nikikata nyama nawaza, nikisukuma chapati nawaza. Kuna mama mmoja ninayemfahamu kule Buhare, kijana wake aliondolewa chuo, akaendelea kuaga nyumbani kila muhula na begi mgongoni kana kwamba anakwenda kusoma. Wazazi wake walikuja kuambiwa na watu baki. Yule mama nilimsema sana. Nilisema kwangu hayo hayawezi kutokea.

Na kweli hayakutokea. Ila si kwa sababu yangu.

Nyangeta aliniandikia siku matokeo yalipotoka. Anajua mama yake ni redio, anajua joho nimeshalitafutia ukuta, akaandika hivyo hivyo: nina sup mbili. Ukweli alinipa mkononi, nami nikaugeuza chakula. Sasa niambieni, kipi kikubwa, mtoto kufaulu hesabu zote, au mtoto kumwambia mama kama mimi kwamba amefeli? Mimi nasema hicho cha pili. Ofisi na kiti cha kuzunguka nikivipata nitashukuru, siwadanganyi, bado navitaka. Ila mtoto wa kuniambia ukweli ninaye tayari, na nilikuwa sijamhesabia.

Nilimwambia hayo palepale Butiama. Nikamuuliza, unataka kusoma au hutaki, niambie kama ulivyoniambia mwanzo. Akasema anataka. Takwimu ndizo zinamtoa jasho, lakini anataka. Nikamwambia basi nenda, na ukifeli, urudi Musoma, usikate njiani.

Akasema, "Na wewe usinitangaze."

Hilo nilishindwa kuahidi. Nikamwambia mwanangu, niombe kitu kingine. Akafikiri, akasema, "Basi ukinitangaza, unitangaze na kufeli kwangu."

Ndiyo hii hapa. Nusu niliianza jana, tukiwa tumesharudi wote Musoma; akaisoma usiku, akarekebisha herufi, akaniambia nisifute pale pa ng'ombe.

Leo asubuhi amepanda basi la Mwanza. Nimerudi jikoni, fundi baiskeli, mteja wangu wa kila siku, akaniuliza kama kawaida yake, "Mhasibu Mkuu yuko wapi, mbona simuoni?"

"Kaenda kurudia mitihani."

Kijiko kikasimama. "Kwani alifeli?"

"Masomo mawili. Mengine kafaulu. Na aliniambia mwenyewe, siku hiyo hiyo. Wa kwako amewahi kukwambia nini?"

Akakirudisha kijiko bakulini. Kisha akasema, bila utani, wa kwake hata simu hapigi. Nilimwongezea mchuzi.

Sauti yangu haikutetemeka. Lakini mawili si mengi, na watu bado wanacheka nami. Je, akirudi amefeli tena, amefukuzwa kabisa, nitaweza kusimama pale jikoni nikalisema kwa sauti hiihii?

Sijui. Ya leo nimeyaweza. Ya siku ile nitayajua siku ile, mradi tu ashukie Musoma.