Kinyaa Kando ya Mto Mosel

Beilstein, Oktoba

Dada yangu Irmtraud,

Goti lako linaendeleaje? Huku mizabibu imegeuka manjano, na gari letu lenye vitanda na choo ndani limekuwa likijikokota kando ya Mosel kama konokono.

Jana tuliegesha kwa Bi Walburga, mjane mwenye shamba la mizabibu. Alitukaribisha kwa mvinyo mpya na mkate wa vitunguu. Leo asubuhi nikamkuta mume wangu Volkmar akimwaga tangi la choo cha gari kwenye mizabibu ya mjane, na wavunaji wanakuja! Nilitapika.

"Unatapika nini, we mwanamke?" akasema. "Hiyo mbolea. Na anishukuru."

Akarudi kulala. Mimi na mjane tukashika makoleo, tukaufukia ule uchafu huku tumeziba pua.

"Mwanangu," akaniuliza, "mumeo hata nyumbani yuko hivi?"

"Nyumbani uchafu wake hunimwagia mimi."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu maneno hayo, hata wewe.

Nimeshusha sanduku langu garini. Volkmar alipiga honi, akanitukana mbele ya wavunaji, akaondoka. Bi Walburga atanifikisha stesheni kesho. Nitandikie kitanda, dada. Nakuja peke yangu.

Mdogo wako,
Roswitha