Inanga Niliweka Chini

Kingi, siku ya tatu, mwezi wa saba 1951

…na sauti ya papa yangu haitoke mu masikio yangu.

Papa iko nakufa, macho yake haione tena. Leo aliniwekea inanga yangu ya zamani, ile kinanda ya kamba, mu mikono. «Uniimbie, mutoto wangu, vile uliimbaka ku harusi.»

Père supérieur, padri mukubwa wa misioni yetu, alinikataza zile nyimbo tangu nilivaa kanzu ya ufrère, ya utawa. Eti njo za pombe na mapepo! Huyo Père, papa yake alikufa kwao Ulaya. Sijui nani alimuimbia.

Lakini niliogopa. Niliweka inanga chini, nikaimba wimbo wa Maria, mu Kilatini, na sauti ya misa.

Papa alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

«Aksanti, mon Père. Sasa muniitie mutoto wangu.»